Barua ya wazi kwa wakuu wa Oscar: Mlatino atakuwa stelingi lini?

Kwa Rais na Wajumbe wa Bodi ya Magavana,
Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu,
Beverly Hills, California.

Waheshimiwa,

YAH: WAIGIZAJI WA KILATINO NA TUZO YA MWIGIZAJI BORA

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga, na sasa naishi Boyle Heights, Los Angeles, mtaa ambao usipojua Kihispania utanunua hata vitunguu kwa kunyoosha kidole. Nimeoa hukuhuku. Wazazi wa mke wangu wametoka Zacatecas, Meksiko. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwenye filamu mimi ni mtazamaji tu, ila mtazamaji wa siku nyingi.

Najua haya nitakayoyasema si mageni mezani kwenu. Februari 2018 watu wa National Hispanic Media Coalition, chama cha kuwatetea Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika zinazosema Kihispania, walisimama na mabango Beverly Hills, siku mliyokuwa mkiwaandalia wateule wenu chakula cha mchana. Oktoba 2020 waandishi na watayarishi wa Kilatino zaidi ya 270 walitia saini barua kwa Hollywood nzima. Na wanaosema kwa upole, vyumbani, bila bango wala saini, hawajawahi kukosekana. Hodi imepigwa mpaka vidole vimechubuka. Ndiyo maana naandika hadharani, tena kwa lugha yangu, nikiamini kwamba mtu wa kuwatafsiria hamkosi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na mizani nyepesi ya kupimia filamu. Palikuwa na stelingi, palikuwa na adui, na waliobaki wote walikuwa watu wa kufa kabla filamu haijafika nusu. Mkwe wangu, yule mzee wa Zacatecas, yumo katika hao waliobaki. Amekuwa ekstra kwenye filamu za mji huu kwa zaidi ya miaka 20. Amekuwa mtunza bustani, mpishi, mfungwa, mpishi tena, na maiti mara sita. Anasema maiti ndiyo kazi nzuri, maana unalipwa umelala.

Usiku wa Oscar ukoo mzima hukusanyika kwake. Ikifika tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kiume, mzee huinuka akaenda jikoni kupasha tortilla. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza mbona hasubiri kidogo. Akajibu: "Hiyo si yetu. Nitasikia kelele nikiwa hukohuko." Barua hii inahusu dakika hizo anazokuwa jikoni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmoja tu tangu 1951

Tarehe 29 Machi 1951 mlimtangaza José Ferrer, mzaliwa wa Santurce, Puerto Rico, kuwa Mwigizaji Bora wa Kiume kwa kumcheza Cyrano de Bergerac, yule Mfaransa mwenye pua ndefu na ulimi mrefu kuliko pua. Alikuwa Mlatino wa kwanza kupata tuzo yenu yoyote ya uigizaji. Nimehesabu mpaka sherehe ya Machi 2025, na kwenye tuzo hiyo ya stelingi wa kiume bado yuko peke yake. Sanamu yenyewe aliizawadia Chuo Kikuu cha Puerto Rico, nayo ikaja kupotea hukohuko. Kwa hiyo hata hiyo moja hatuna pa kwenda kuitazama.

Walioteuliwa baada yake wakakosa wanahesabika bila kalamu. Anthony Quinn alipata uteuzi mara mbili, kwa filamu za 1957 na 1964. Edward James Olmos alifuata, kwa kumcheza mwalimu wa hesabu wa shule moja ya hapahapa East Los Angeles, filamu ya 1988. Kisha kimya cha zaidi ya miaka 20 mpaka Demián Bichir, aliyecheza mtunza bustani asiye na karatasi za uhamiaji katika filamu ya 2011. Ukimtia Colman Domingo, ambaye baba yake ana asili ya Belize na Guatemala, orodha inarefuka kidogo. Yuko pia mcheshi atakayenikumbusha kwamba Joaquin Phoenix, mshindi wa 2020, alizaliwa San Juan. Ni kweli. Wazazi wake, Wamarekani weupe, walikuwa huko kwa shughuli za dini yao, mtoto akazaliwa njiani.

Kwa wanawake hesabu ni fupi zaidi. Hakuna mwigizaji anayejitambulisha kuwa Mlatino aliyewahi kuinuka kwenda kuchukua tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike. Salma Hayek aliteuliwa, Catalina Sandino Moreno wa Kolombia akateuliwa, Yalitza Aparicio, Ana de Armas. Brazili haisemi Kihispania, lakini ni jirani wa ukuta mmoja, na kisa chake sitakiacha: Fernanda Montenegro aliteuliwa 1999, bintiye Fernanda Torres akateuliwa 2025, wote kwa filamu za mwongozaji yuleyule. Mama akakosa, na binti akakosa. Miaka 26 katikati yao.

Watani wa huku husema Mmeksiko pekee asiyekosa sherehe yenu ni sanamu yenyewe. Ipo hadithi ya zamani, isiyo na ushahidi wa kutosha, kwamba Cedric Gibbons alipoibuni alimchora Emilio Fernández, mwigizaji wa Meksiko, akiwa uchi wa mnyama. Tarehe hazikubaliani vizuri na hadithi hiyo. Mkwe wangu hataki kusikia habari za tarehe.

2. Kisa chao, sura ya mwingine

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie nikichukua nafasi.

Mwaka 1952 ilitoka filamu juu ya Emiliano Zapata, mkulima wa Morelos aliyeongoza wenzake katika mapinduzi ya Meksiko. Stelingi alikuwa Marlon Brando wa Nebraska, amepakwa rangi usoni. Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua, ambaye inasimuliwa kwamba baba yake mzazi alipigana upande wa Pancho Villa, akapewa kucheza kaka yake Zapata. Mkamteua Brando kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu, na Quinn mkampa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Mmeksiko akawa msaidizi katika mapinduzi ya kwao.

Miaka tisa baadaye ikaja West Side Story, kisa cha vijana wa Puerto Rico mitaani New York. Maria alichezwa na Natalie Wood, mtoto wa wahamiaji wa Kirusi. Bernardo alichezwa na George Chakiris, mtu wa asili ya Kigiriki, mkampa tuzo. Rita Moreno, mzaliwa wa Humacao, alipata yake kwa kumcheza Anita, na aliistahili mara kumi. Lakini Moreno mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi yeye na wenzake walivyopakwa wote rangi moja ya kahawia, kama vikombe vya seti moja. Alipomwambia mpakaji rangi kwamba watu wa Puerto Rico wana rangi nyingi, yule bwana akamwuliza kama yeye ni mbaguzi.

Mtasema hayo ni ya enzi zile. Haya, tusogee. Katika Kiss of the Spider Woman ya 1985 kuna wafungwa wawili katika selo moja, nchi ya Amerika Kusini iliyo chini ya udikteta. William Hurt na Raúl Juliá wa Puerto Rico wanaibeba filamu ile kama watu wawili waliobeba kitanda: mmoja akiachia, kinaanguka. Mkampa Hurt tuzo ya Mwigizaji Bora. Hurt alicheza vizuri, simpunguzii. Ila Juliá hamkumteua hata kwa usaidizi. Alifariki 1994 bila kuteuliwa nanyi hata mara moja.

Tusogee tena. A Beautiful Mind, 2001, inahusu maisha ya mwanahisabati John Nash na mkewe Alicia. Huyo Alicia, jina lake la ukoo Lardé, alizaliwa San Salvador, El Salvador. Filamu haikuligusa hilo hata kwa sentensi moja. Jennifer Connelly alimcheza, mkampa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Katika mji huu wapo watu wa El Salvador kwa malaki. Mwanamke wa kwao alipanda jukwaani kwenu, nao wasijue kwamba ni wa kwao.

Argo ya 2012 nitaipita haraka: ofisa wa ujasusi Tony Mendez, ambaye ukoo wa baba yake una asili ya Meksiko, alichezwa na Ben Affleck, nayo ikawa Filamu Bora.

Kisha ya juzi. Emilia Pérez mliipa teuzi 13. Kisa kinatendeka Meksiko, mwongozaji ni Mfaransa, na sehemu kubwa ilipigwa Ufaransa. Mwenye jina la filamu alikuwa Karla Sofía Gascón wa Uhispania. Adriana Paz, Mmeksiko pekee kati ya wanawake wanne waliogawana tuzo ya uigizaji kule Cannes kwa filamu hiyohiyo, kwenu hakuonekana. Wameksiko walikasirika, halafu wakacheka: vijana wakatengeneza filamu fupi ya kejeli juu ya Ufaransa, bila Mfaransa hata mmoja ndani yake, ikatazamwa na mamilioni. Zoe Saldaña, aliyecheza wakili ndani ya Emilia Pérez, alipokuwa nyuma ya jukwaa na tuzo yake mkononi, mwandishi wa habari wa Meksiko akamweleza uchungu wa watu wa kwao. Akajibu kwamba anasikitika wameumia, lakini kwake moyo wa filamu haukuwa Meksiko.

Naamini alisema kweli. Meksiko ilikuwa pazia la nyuma.

3. Mlango wa pembeni

Saldaña mwenyewe ananileta kwenye jambo la tatu. Alikaa kwenye skrini muda mrefu kuliko aliyehesabiwa kuwa mkuu, kisa kinaanza naye, halafu akawekwa kwenye usaidizi. Najua ni hesabu za watu wa kampeni: wanampeleka mtu pale anapoweza kushinda. Lakini kanuni zenu zinawaachia waigizaji wanaopiga kura za uteuzi waamue wenyewe kama nafasi ni kuu au saidizi. Hawafungwi na tangazo la studio. Mwaka 2009 walimhamisha Kate Winslet kutoka usaidizi alikonadiwa wakampeleka kwenye ukuu, na akashinda. Mkono huo upo. Kwa Mlatino nauona umekunjwa.

Tazameni orodha ya waliopita mlango huo: Quinn mara mbili, Moreno, Mercedes Ruehl ambaye mama yake ana asili ya Kuba, Benicio del Toro, Ariana DeBose, Saldaña. Ni wasanii wakubwa. Lakini DeBose alishinda Machi 2022 kwa kumcheza Anita, mhusika yuleyule wa Moreno, miaka 60 baadaye. Katika historia yenu nzima, kwa wanawake wa Kilatino, mhusika mmoja wa kubuni amebeba tuzo mbili. Hata kwetu kibandani kanda haikurudiwa hivyo.

Na Moreno baada ya ushindi wake alikaa miaka saba bila kucheza filamu nyingine, kwa sababu alizoletewa zilikuwa za akina Anita wadogowadogo, za magenge tu.

4. Ufagio na unga

Hapa sitakawia. Waliopata macho yenu walicheza nini? Mlezi wa watoto wa wengine, msichana wa kazi, mtunza bustani, msichana aliyemeza dawa za kulevya, polisi wa dawa za kulevya, wakili wa bwana wa dawa za kulevya. Marehemu Lupe Ontiveros, mwigizaji wa Texas, alikadiria kwamba amecheza mtumishi wa ndani si chini ya mara 150. Mhandisi, hakimu, mshairi, tapeli mjanja wa benki: wanawapa wengine. Na Jennifer Lopez alipocheza mjanja wa kweli mwaka 2019, akateuliwa na vyama vingine vya tuzo, kwenu jina lake halikusomwa.

Sasa majibu yenu. Nimeyasikia, kwa hiyo nawaokolea muda.

Mtasema: sisi hatutengenezi filamu, tunatunuku zilizotengenezwa. Lakini wanachama wenu ni nani? Ni watayarishaji, waongozaji, wakuu wa studio, wanaochagua waigizaji, waigizaji wenyewe. Mchana wanapika, usiku wanavaa suti na kuonja. Mwonjaji hawezi kulalamika kwamba chumvi haipo wakati kijiko kiko mkononi mwake tangu asubuhi. Tena kila tuzo mnayotoa ni ishara kwa wenye fedha: cha kutengeneza mwakani ndicho hiki.

Mtasema: Wameksiko wameshiba tuzo. Kweli, katika sherehe sita za 2014 hadi 2019, tano zilimpa Mmeksiko tuzo ya uongozaji. Alfonso Cuarón mara mbili, Alejandro González Iñárritu mara mbili, Guillermo del Toro mara moja. Emmanuel Lubezki akachukua ya upigaji picha miaka mitatu mfululizo. Nilishangilia zote, mashahidi ninao. Sasa geukeni mtazame mbele ya kamera za hao mabwana: Sandra Bullock, Michael Keaton, Leonardo DiCaprio, Sally Hawkins. Mmeksiko anaaminiwa kuishika kamera mradi asisimame mbele yake. Ni Roma pekee, filamu ya Cuarón, iliyogeuzwa kutazama nyumbani, na papo hapo waigizaji wawili wa Meksiko wakateuliwa, Marina de Tavira na Yalitza Aparicio. Aparicio ni binti wa Kimixteki, kabila la wenyeji wa asili wa Meksiko, kutoka Tlaxiaco, Oaxaca, aliyesomea ualimu na hakuwa ameigiza popote. Kwa hiyo vipaji havikupungua. Wa kuwaelekezea kamera ndiye aliyepungua.

Mtasema: mbona tumewapa Javier Bardem na Penélope Cruz? Hao ni watu wa Uhispania, Waheshimiwa, wazungu wa Ulaya, na tuzo zao ni halali yao. Kuwatia kwenye hesabu ya Walatino ni sawa na kumhesabu Mreno wa Lisbon kuwa mtu wa Msumbiji kwa sababu wote wanasema Kireno. Mwaka 2020 Antonio Banderas alipoteuliwa, vyombo kadhaa vya habari vya hapa vilimwandika kuwa mtu asiye mweupe, wenyewe Wahispania wakashika vichwa. Kapu moja kubwa lililoandikwa Kihispania linawafaa wanaotaka kuonyesha kwamba kapu halikuwa tupu.

Mtasema: tumeshaweka viwango. Ninavijua. Mlivitangaza 2020, vikaanza kutumika kwenye sherehe ya 2024, na filamu inayowania tuzo kuu lazima itimize viwili kati ya vinne. Mlipoviweka nilifurahi. Kisha nikavisoma. Vinahusu Filamu Bora tu, na studio inaweza kuvitimiza kwa watu wa nyuma ya kamera, mafunzo ya vijana na idara ya matangazo, bila Mlatino hata mmoja kutamka neno kwenye skrini. Katika nchi ambayo sensa ya 2020 iliwahesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya watano, na katika kaunti hii ya Los Angeles wanakaribia nusu, filamu isiyo na Mlatino hata mmoja inahitaji juhudi kuitengeneza.

Na mtasema la mwisho, lile la ubora. Kwamba kura haitazami asili, inatazama kazi. Ningelipokea kwa mikono miwili kama kura ingekuwa imetazama kazi. Ninyi wenyewe mwezi Aprili 2025 mlilazimika kutunga kanuni kwamba mwanachama hapigi kura ya mwisho mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi husika. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo palikuwa na watu wanapima ubora wa wasichokitazama. Kwetu mwonja pilau aliyehukumu kwa kunusa tu angechekwa mpaka ahame mtaa.

Lipo pia swali ambalo nyinyi hamtaliuliza kwa adabu zenu, ila wenzangu wa Tanga wameshaniuliza kwenye simu: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Wewe Mswahili, ya Walatino yakuhusu wapi?

Yananihusu kwa mambo mawili. La kwanza, nilipokuwa mtoto, mwezi wa Ramadhani kanda ya The Message ilikuwa ikizunguka mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, na bwana aliyemcheza Hamza, ami yake Mtume, aliwatoa machozi watu wazima. Kwetu alikuwa Hamza tu, hakuna aliyemwita vingine. Nilikuwa nimeshaoa ndipo mkwe wangu aliponionyesha picha yake ukutani, baina ya Bikira wa Guadalupe na kalenda ya duka la matairi: Anthony Quinn wa Chihuahua. Amecheza Mwarabu, Mgiriki, Mfaransa, Mweskimo, kila taifa chini ya jua. Mkwe wangu anahesabu kwa vidole mara alizoachiwa kuwa Mmeksiko aliye mkuu, na vidole vinabaki.

La pili ni Lupita Nyong'o. Nyote mnamjua kama Mkenya, na Wakenya hawatanisamehe nikisema vingine. Lakini alizaliwa Jiji la Meksiko, 1983, baba yake akifundisha huko, na jina Lupita ni kifupi cha Guadalupe. Akiwa na miaka 16 alirudi Taxco kujifunza Kihispania. Mlipompa tuzo 2014, watu wakagombana mitandaoni kama ni wa huku au wa kule. Yeye akajiita Mmeksiko-Mkenya, ugomvi ukaisha. Watoto wangu ni wa mchanganyiko huohuo, ila kwa upande wa pili wa kitambaa. Mama Zacatecas, baba Tanga. Kwa hiyo pilipili hii, jamani, naila.

Ninachoomba ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji fedha mpya.

Kwanza, kila mwaka mnapotangaza wanachama wapya mnatoa takwimu moja tu, asilimia ya jumla ya makundi yote ya asili yasiyo na uwakilishi wa kutosha. Ivunjeni. Tuambieni katika tawi la waigizaji, ambalo ndilo linaloteua waigizaji, Walatino ni wangapi, na watu wa Uhispania muwaweke mstari wao.

Pili, kanuni ya kutazama kabla ya kupiga kura isiishie kwenye duru ya mwisho. Juliá hakupotelea kwenye duru ya mwisho, wala Adriana Paz. Walipotelea kwenye uteuzi. Mwekeeni kila mwigizaji mwenye kura idadi ya chini ya filamu atakazotazama kabla ya kuteua, na orodha yake ipangwe kwa kura ya bahati, isipangwe na mwenye bajeti kubwa ya mabango.

Tatu, ile huduma yenu ya kuwaonyesha wanachama filamu mtandaoni ina ada ya maelfu ya dola kwa mwenye filamu. Kwa studio ni hela ya kahawa. Kwa mtengenezaji mdogo wa San Antonio au San Juan ni mshahara wa mtu wa sauti. Wasameheni wadogo.

Nne, mmeanzisha tuzo ya uchaguzi wa waigizaji, kuanzia filamu za 2025. Ni hatua njema kweli, na sisemi kwa kejeli. Itumieni. Kila anayewania aeleze nani aliitwa kwenye usaili, hasa pale mhusika anapokuwa mtu wa kweli mwenye nchi ya kweli, kama Alicia wa San Salvador.

Naomba majibu yenu hadharani kabla wateule wa sherehe ijayo hawajatangazwa.

Nilimsomea mkwe wangu rasimu ya barua hii nikitafsiri papo kwa papo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutia neno. Kisha akauliza kama nimeitaja ile filamu aliyokuwa maiti mtoni. Nikamwambia hapana. Akasema niongeze, waelewe kwamba maji yalikuwa ya baridi na walirudia mara tisa.

Wenu, kwa heshima,

Mtazamaji wa Boyle Heights,
mzaliwa wa Ngamiani, Tanga.